Kabla ya Kupanda Ndege, Jifunze Kutupa Takataka

Kila alfajiri gari aina ya Noah linalobeba abiria kutoka Mishamo kwenda Mpanda huwashwa, na kabla dereva hajatia gia, sauti ya mwanamke hutoka kwenye dashibodi na kusema maneno ya Kijapani. Ni sauti tamu, yenye adabu, kama ya bibi harusi anayekaribisha wakwe. Dereva aliniambia kwamba kwa miaka mitatu aliamini anatakiwa safari njema, na kila mara aliitikia, "Asante, mama." Mpwa wangu ndiye aliyemharibia raha. Alimweleza kwamba yule mama analalamika: kadi ya kulipia ushuru wa barabara haijachomekwa. Gari lilitoka Japani na kifaa chake, na kifaa hakina habari kwamba kimefika mkoani Katavi. Kinadai kadi mpaka leo. Redio nayo imegoma kupanda juu ya 90, kwa kuwa kwao mawimbi ya FM huanzia 76 na huishia mapema, hivyo stesheni zetu nyingi haizipati. "Gari lilisafirishwa bila semina," mpwa wangu akasema, na abiria wakacheka.

Kicheko kile kilikuwa na kisa chake. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amepata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili Japani, na ni wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka bahari. Wiki moja kabla ya safari ile ya Mpanda alikuwa ametoka kwenye semina ya kuwaandaa wanafunzi wanaoondoka. Alirudi na fulana, kalamu na picha ya pamoja. Nilipomwuliza amefundishwa nini, alinipa daftari. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: kuwa balozi mwema wa nchi, kudumisha nidhamu, kutosahau nyumbani. Ukurasa wa pili ulikuwa na neno moja, "chai", nalo limepigiwa mstari. Ofisi iliyoandaa siitaji jina, maana nimehudhuria semina za ofisi nyingine na zote ni ndugu wa tumbo moja.

Ugomvi wangu na semina hizi ni kwamba zinamwandaa msafiri kwa hotuba wakati anakokwenda atapimwa kwa mfuko wa taka. Anayemtuma mtu ugenini ana deni la kumfundisha mambo madogo ya kila siku ya huko: viatu avivue wapi, baiskeli aiendesheje, ardhi ikitikisika akimbilie wapi. Mambo haya huonekana madogo mno kwa mgeni rasmi kuyatamka. Kwa mtoto aliye peke yake katika chumba cha mita chache za mraba, usiku wa kwanza, hakuna makubwa kuliko hayo.

Chukua takataka. Japani takataka ina ratiba, na ratiba ina nguvu karibu sawa na sheria. Manispaa humpa mkazi karatasi inayoonyesha siku za taka za kuchomwa, siku ya plastiki, siku ya chupa na makopo, siku ya karatasi. Mji na mji una utaratibu wake, na miji mingi ina mifuko maalumu ambayo bila hiyo mzigo wako hauchukuliwi. Chupa ya plastiki ya soda hukoshwa, huvuliwa kifuniko na kubanduliwa lebo. Mfuko hupelekwa asubuhi ya siku yake, si usiku wa kuamkia, na hufunikwa kwa wavu kwa sababu ya kunguru. Ukikosea, wachukuaji huuacha palepale na karatasi ya onyo imebandikwa juu, na majirani wote hupita wakiutazama. Ukiwa mtaani na ganda la pipi mkononi, usitegemee pipa. Mapipa mengi ya umma yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu katika treni za chini ya ardhi za Tokyo mwaka 1995, na watu wamezoea kurudi na taka zao nyumbani mfukoni.

Sasa mtoto wa Mishamo ayajulie wapi hayo? Kwetu maganda ya mihogo ni ya mbuzi, majivu ni ya bustani, gunzi la mahindi ni kuni, chupa ya plastiki ni ya mafuta ya taa, na kopo ni kibaba. Ukitazama vizuri, hatuna takataka nyingi. Tuna vitu ambavyo bado havijapangiwa kazi. Niliamua kumfanyia mpwa wangu semina yangu mwenyewe. Kwa mwezi mzima tuliweka ndoo nne nyuma ya nyumba na kila moja ikawa na siku yake. Mama yangu, ambaye kwa mpwa wangu ni bibi, alivumilia wiki ya kwanza. Ya pili aliuliza ni nani katika nyumba hii anayemnyima mbuzi maganda mpaka Alhamisi.

Kuna sababu nyingine ya kulikazia hili. Agosti 2025, katika mkutano wa 9 wa Japani na Afrika, TICAD, uliofanyika Yokohama, shirika la maendeleo la Japani, JICA, liliutangaza mji wa Nagai, mkoani Yamagata, kuwa "mji wa nyumbani" wa Tanzania, kama ilivyofanya kwa miji mingine mitatu na nchi za Msumbiji, Nigeria na Ghana. Nia ilikuwa kubadilishana vijana na utamaduni. Huku kwetu gazeti moja la mtandaoni likaandika kana kwamba Japani imetutengea mji mzima. Habari ikarudi Japani ikiwa imevimba, watu wakaamini wahamiaji wanakuja kwa maelfu, simu zikamiminika kwenye ofisi za manispaa, na mwezi Septemba JICA ikaufuta mpango wote. Nagai ilikuwa mwenyeji wa Tanzania tangu maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo, kwa hiyo haikuwa ngeni kwetu. Bado hofu ilizidi ujirani. Katika hali kama hiyo, mfuko wa taka uliowekwa siku isiyo yake hauhesabiwi kuwa kosa la mtu mmoja. Unahesabiwa kuwa tabia ya "wale".

Wajapani wenyewe hawafanyi mchezo na maandalizi. Vijana wao wa kujitolea, ambao wamekuwa wakija Tanzania tangu 1967, hawapandi ndege kabla ya kukaa kambini. Hupelekwa Komagane, mkoani Nagano, au Nihonmatsu, mkoani Fukushima, wakala na kulala huko kwa zaidi ya miezi miwili, na sehemu kubwa ya muda huo ni lugha. Ndiyo maana mwalimu wa hisabati anayetoka huko anafika sekondari ya mkoani akiwa tayari anajua kwamba mzee hasalimiwi "mambo". Nilipokuwa Mpanda nilimkuta mmoja wao kituo cha basi. Alimwamkia mama yangu "shikamoo" huku amepinda goti kidogo, na mama akamwitikia, kisha akanigeukia mimi kuniuliza kwa Kirundi huyu ni mtoto wa nani.

Na huku kwetu kuna kisa kikubwa zaidi, ambacho nashangaa hakifundishwi shuleni. Ukitoka Mishamo kuelekea magharibi, misitu inakwenda mpaka milima ya Mahale, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko, mwaka 1965, alifika kijana wa Chuo Kikuu cha Kyoto aitwaye Toshisada Nishida, mwenye umri wa miaka 24, kuwafuata sokwe. Sokwe hawakumtaka. Aliwapandia miwa, akaweka ndizi, akasubiri, na baada ya miezi wakaanza kumzoea. Utafiti ule haujakatika hadi leo, na Mahale ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Watu wengi huishia hapo kwenye hadithi. Mimi hunivutia zaidi wenzake waliokuja kuishi na Watongwe, wenyeji wa misitu hii. Makoto Kakeya alikuja mwaka 1971 na mkewe, akajifunza kula, kusalimia, kulima na kuogopa wanachoogopa wenyeji, hata akaishia kuingizwa katika uganga wa Kitongwe. Profesa wa Kijapani akawa mganga katika pori la Mpanda! Sisemi kila mwanafunzi wetu akawe kuhani wa Shinto. Nasema tu kwamba waliotoka huko kuja huku hawakudhani adabu ya ugenini huja yenyewe kwa kuvuta hewa.

Mishamo tunalijua jambo hili kwa upande wake mchungu. Wazazi wetu walikimbia Burundi mwaka 1972. Makazi ya Mishamo yalifunguliwa mwaka 1978, na wengi walihamishiwa hapa kutoka makazi ya Ulyankulu yaliyokuwa yamejaa kupita kiasi. Mama anasimulia kwamba walishushwa kwenye lori, wakaonyeshwa miti na kuambiwa kijiji ndicho hiki. Walipewa majembe, mapanga na chakula cha kuvukia mpaka mavuno. Hakuna aliyewaambia mbung'o wanapenda nguo za rangi gani, wala uyoga gani unaua. La kwanza walijifunza kwa kuumwa, na la pili kwa kuwauliza Watongwe na Wabende, baada ya kuwa wamezika.

Kisha mwaka 2008 yakaja mabadiliko. Waliotaka kurudi Burundi walirudishwa, makumi ya maelfu kutoka Katumba, Ulyankulu na hapa. Walio wengi zaidi tulibaki, na vyeti vya uraia tukaanza kukabidhiwa Oktoba 2014. Kati ya waliorudi walikuwamo watoto tuliosoma nao darasa moja. Walizaliwa hapa, wakasoma kwa Kiswahili, wakaota kwa Kiswahili. Walifika katika nchi inayoitwa yao na kukuta shule za Kirundi na Kifaransa, na mashamba ya babu zao yakiwa na watu wengine. Binamu yangu alirudishwa darasa la chini na kukaa na watoto waliomfikia kifuani. Alikuwa na karatasi zote zilizotakiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumkalisha chini miezi sita kabla na kumwambia: huko neno hili wanalisema hivi, chombo hiki wanakishika hivi.

Hata wakimbizi wa Burundi waliochukuliwa Marekani kutoka kambi za Kigoma na Kagera miaka ile ile walipata zaidi ya hapo. Walipewa mafunzo ya siku kadhaa kabla ya ndege: jiko la umeme, namba ya simu ya dharura, kodi ya nyumba. Siku kadhaa ni chache, najua. Mpwa wangu, msomi mwenye shahada, amepewa saa nne na chai.

Nisieleweke kwamba kila kitu ni kigeni. Tulipokaa kuorodhesha, tuligundua kwamba nusu ya adabu za Kijapani bibi yake alishamfundisha kwa makofi. Kupokea kitu kwa mikono miwili: Mrundi yeyote aliyelelewa anafanya hivyo, na Mjapani hupokea hata kadi ya jina namna hiyo. Kuvua viatu mlangoni: jambo la kawaida kwetu, ila huko unavigeuza vitazame nje, tayari kwa kuondoka. Ndala za chooni zisizovuka kizingiti cha choo: nyumba gani ya Tanzania haina? Kutembea na kitambulisho kila uendako, maana mgeni Japani hutakiwa awe na kadi yake ya ukaazi wakati wote: hapo mama alitabasamu. Yeye aliishi miaka mingi ambapo kutoka tu nje ya makazi kulihitaji kibali mkononi. "Mwambie asikiache hata akienda kisimani," alisema.

Vijiti vya kulia sikuvihangaikia. Mpwa wangu alijifunza kwa siku tatu kwa kuokota maharage, na nikamwonya mambo mawili tu, asivisimamishe wima ndani ya bakuli la wali na asipokee chakula kutoka vijiti hadi vijiti, kwa sababu yote mawili ni ya msibani. Kuhusu kuvuta tambi kwa sauti, jambo ambalo kwa bibi yake lingemgharimu kofi, nilimwachia yeye na dhamiri yake.

Baiskeli ilitupa kazi. Mtoto wa Mishamo huzaliwa akijua baiskeli, na hapo ndipo hatari ilipo, maana anachokijua ni baiskeli ya Mishamo: gunia la mahindi nyuma, mdogo wako kwenye fremu, mwavuli mkono wa kushoto. Japani baiskeli husajiliwa, husimamishwa mahali palipotengwa tu, taa huwashwa usiku, na kumpakia mtu mzima mwenzako ni kosa. Mwavuli pia ni kosa. Nilipomweleza haya, mpwa wangu alisema, "Mjomba, sasa baiskeli ya nini?" Swali la haki kabisa.

Lakini jambo lililonikosesha usingizi ni tetemeko. Sisi wa ukanda huu wa Tanganyika na Rukwa si wageni wa ardhi inayotikisika. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 ni mojawapo ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika. Na alasiri ya tarehe 5 Desemba 2005, Ziwa Tanganyika lilipotikiswa kwa ukubwa wa 6.8, nilikuwa hapahapa. Masufuria yaligongana, kuku wakaruka, na sote tulitoka mbio tukasimama uwanjani tukiwa tumeshikana. Tulifanya sahihi. Nyumba ya tofali la udongo inaua aliye ndani, na uwanja wetu hauna kitu cha kuanguka ila maembe. Mwili wangu ulijifunza siku ile: ardhi ikitikisika, kimbia nje.

Mwili huohuo ukiupeleka Japani utakuponza. Huko majengo hujengwa kuhimili mtikisiko, na kinachojeruhi ni kioo na vigae vinavyomwagika mtaani. Mtu huinama, hujificha chini ya meza, hushika mguu wa meza na kusubiri. Mtikisiko ukitulia hufungua mlango usije ukabana, na huzima gesi. Simu hupiga king'ora maalumu sekunde chache kabla. Na aliye pwani hangoji kuambiwa: hupanda mlima. Tarehe 11 Machi 2011 maji ya tsunami ndiyo yaliyoua watu wengi kuliko mtikisiko wenyewe. Nilimfanyia mpwa wangu mazoezi bila kumtaarifu, nikicheza mlio wa king'ora kwenye simu yangu usiku wa manane. Mara ya kwanza alikimbilia nje. Mara ya pili pia. Mara ya nne nilimkuta chini ya meza, amefumba macho, ameshika mguu wa meza kwa mikono miwili. Hotuba ya ubalozi mwema haiwezi kumfikisha mtu chini ya meza.

Najua jibu litakalokuja: mambo yote yamo kwenye simu, na isitoshe atajifunza hukohuko. Sehemu ni kweli. Douglas Wakiihuri alitoka Kenya mwaka 1983 akaenda kukaa na kocha Kiyoshi Nakamura, akajifunza Kijapani na maisha ya huko, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni. Samuel Wanjiru alipelekwa sekondari ya Sendai akiwa na miaka 15, na mwaka 2008 akashinda dhahabu ya Olimpiki. Lakini hao walipokewa na mtu wa kuwasahihisha kila asubuhi. Mwanafunzi wa uzamili hupokewa na funguo. Ndani ya siku 14 tangu ahamie anapaswa awe amejiandikisha manispaa kwa anwani yake, awe na bima ya afya, na ajue kwamba kibali chake cha kufanya kibarua hakizidi saa 28 kwa wiki. Simu itamweleza hayo siku ya 15, akiuliza.

Ninachokitaka si kituo kipya chenye jiwe la msingi. Mpango wa ufadhili wa masomo wa ABE uliotangazwa Yokohama mwaka 2013 umepeleka vijana wengi wa Afrika katika vyuo vya Japani, Watanzania wakiwamo, na waliorudi wapo maofisini na vyuoni. Wafadhili na wizara wawalipe nauli waje kufundisha. Wiki mbili katika chuo chochote cha ufundi cha VETA chenye bweni, mkoani, siyo hotelini: chumba kimoja kipangwe kama chumba cha huko, ndoo za taka ziwepo, meza iwepo, fomu za manispaa zijazwe kwa mkono mpaka anwani ikae kichwani. Mgeni rasmi asialikwe. Akialikwa, naye aokote maharage kwa vijiti kabla ya kupewa kipaza sauti.

Jioni ya mwisho tulikuwa tukifunga begi. Nilikuwa nimemweleza mpwa wangu kwamba Japani anayehamia mahali hupita kwa majirani na kuwapa kitu kidogo, taulo au biskuti, na kujitambulisha. Bibi yake akasikia, akainuka bila neno, akarudi na kilo tatu za maharage ya njano, yaliyochaguliwa moja moja. Hili nalo lilihitaji semina: mbegu za mimea haziingii Japani bila cheti cha ukaguzi, na pale uwanja wa ndege hawana masihara. Mama hakukasirika. Aliuliza tu, sasa huko mtu anakausha mikono na nini? Mpwa wangu akamwambia kwamba vyoo vingi vya umma havina taulo, kila mtu hutembea na leso yake.

Mama akatoa kitenge kilichokuwa sandukuni tangu siku ya vyeti vya uraia, akakipeleka kwa fundi cherehani wa kijijini. Leso kumi na mbili, pindo nyembamba. Nne ni za majirani: kushoto, kulia, juu na chini. Fundi hakuelewa jirani wa juu ni yupi, ikabidi mpwa wangu amchoree ghorofa kwa chaki kwenye meza ya cherehani.